Nyumba ya Kupanga

Juzi, katika mji mmoja wa bara ambako nimekaa miezi michache na sidhani kama nitamaliza mwaka, nilipita mbele ya kibaraza cha fundi cherehani nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake. Fundi alikuwa ameifungua pasi yake ya mkaa, ile ya chuma yenye kijogoo mbele, anatia vipande vya vifuu vya nazi. Moshi wa kifuu una utamu kidogo, una mafuta ndani yake, na ukishaunusa utotoni huwezi kuuchanganya na moshi mwingine. Nilimwuliza amevipata wapi huko kusikoota mnazi hata mmoja.

"Naletewa na utingo wa basi kutoka pwani," akasema. "Mkaa wa huku unatema cheche, unatoboa mashati ya watu. Kifuu kinawaka kwa adabu."

Niliendelea kusimama. Akaifunga pasi, akanitazama. "Mama, una nguo ya kunyoosha au umekuja kuota moto?"

Sikuwa na nguo. Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikalia kilio ambacho sikujua kama bado ninacho.

Nimeishi katika vyumba vya kupanga tangu nilipomaliza sekondari. Sijawahi kuwa na mlango ambao ufunguo wake haukuwa na pacha kwa mtu mwingine. Na kila ninapohamia, mikono yangu haitulii. Tabora nilipanga visoda, mamia ya visoda, kufuata ufa wa ukuta wa ua mpaka ufa ule ukaonekana kama mto wenye magamba. Mahali pengine nilipanga betri za redio zilizokufa, moja baada ya moja, kuzunguka kisiki cha mti ambao mwenye nyumba aliukata siku niliyohamia. Kando ya ziwa nilipanga kandambili zilizoachwa, zote za mguu wa kushoto, zikielekea majini. Mwenye nyumba mmoja alinifukuza. Alisema mpangaji anayepanga takataka uani si mpangaji, ni mchawi. Ningemwambia nini? Kwamba nimejifunza kwa mama yangu, na kwamba yeye hakuwa anacheza?

Wenzangu wa rika langu, mliokuwa mnang'oka meno ya utoto wakati wa operesheni ya vijiji, wengi wenu mna kisa chenu cha lori. Hiki ni changu, nacho kinaanza kabla ya lori.

Kwetu kulikuwa ndani ya vilima vya Kisarawe, mbali na barabara, nyumba moja ya udongo na makuti yenye minazi ubavuni na mikorosho ikiteremka hadi bondeni. Jirani wa karibu alikuwa Bi. Tatu, mjane mwenye sauti ya kuwafukuza nyani, na ili tusikie sauti yake ilibidi naye aamue kutuita. Korosho zilipokuwa zinaanguka, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Nilimwona mara moja tu, amefungwa kanga, uso mdogo umekunjamana kama mtu anayefikiri sana. Kabla ya siku ya saba, siku ya kupewa jina, hakuwepo tena. Nilimwuliza Bi. Tatu yuko wapi.

"Mdogo wako amesafiri," akaniambia.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mtoto aliyeondoka mapema hivyo huzikwa karibu na nyumba, ili asiwe mpweke, na watoto wenzake hawaambiwi. Baba alimzika ubavuni mwa jiko, chini ya upenu. Hapakuwekwa jiwe. Nani anahitaji jiwe wakati nyumba nzima iko hapo? Unatoka mlango wa uani, unapita pembe ya jiko, unainama. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimepelekwa kwa Bi. Tatu kutwa nzima, nikala muhogo wa kuchoma mpaka tumbo likauma.

Mwezi haujaisha, Baba naye akasafiri. Aliondoka asubuhi, ana kikapu na shati lake la Idi. "Nakwenda Kibaha," alimwambia Mama. "Kuna vibarua huko. Nikishapata nyumba ya kupanga, nitawafuata."

Maneno yale niliyashika kama mtoto anavyoshika sarafu, kwa kiganja kizima. Mimi nilijua kupanga ni nini. Mama alipanga vyungu, alipanga vikombe, mimi mwenyewe nilipanga mawe nikayaita watu. Hivyo nyumba ya kupanga nikaiona wazi kabisa: ni nyumba isiyojengwa kwa miti wala udongo, ila kwa vitu vinavyowekwa kimoja kimoja, kwa mstari, mpaka vitoshe. Vikitosha, Baba anakuja. Na kwa kuwa mdogo wangu alisafiri na Baba alisafiri, ilikuwa wazi pia kwamba wako pamoja huko Kibaha, mmoja amembeba mwenzake, wanatafuta vitu vya kupanga.

Kisha likaja lori. Tulikuwa tumesikia, lakini kusikia na kuona ni mambo mawili. Waliokuja nalo hawakuwa wakali, walikuwa na haraka tu, na haraka ni mbaya kuliko ukali kwa sababu huwezi kuiomba. Walipakia kitanda, vyungu, mbuzi ya kukunia nazi, kuku wamefungwa miguu. Halafu wakapanda juu ya paa wakaanza kuteremsha makuti, ili mtu asirudi. Mama alisimama ubavuni mwa jiko, mgongo wake umelielekea lori, mikono kifuani. Waliita mara nyingi. Bi. Tatu ndiye aliyemshika mkono akampandisha.

Kule barabarani tulikuta uwanja mkubwa uliofyekwa, umevutwa kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba aliyekuwa anakohoa vumbi, alitusomea majina. "Msigombane," alisema. "Hapa kila mtu atapangwa."

Kumbe na serikali inajua! Nilimvuta Mama kanga. "Mama, tunapangwa! Baba atakuja!" Aliniangalia kama ninaongea lugha ya mbali.

Tukajenga kibanda mstari wa pili. Mvua za vuli zikapita, na Bi. Tatu, aliyekwenda kule kwetu kuokota nazi zake, akarudi na habari kwamba kuta zimeanza kulainika na kumong'onyoka, pembe ya jiko imelala chini, nyasi zimefika kiunoni. Aliyasema wakati anapepeta mchele, kama habari za kawaida. Mama aliacha kusonga ugali. Sasa naelewa ni kitu gani kilichomfika wakati ule: nyumba ndiyo iliyokuwa alama ya kaburi. Nyumba ikiyeyuka, mtoto anapotea.

Siku iliyofuata alikwenda, nami nikamfuata. Njia ilikuwa ndefu kwa miguu yangu. Tulipofika alifyeka, akapiga magoti, akaanza kutafuta kuta kwa viganja, mahali udongo ulipokuwa mgumu kuliko udongo mwingine. Kila alipoona, aliweka kifuu cha nazi, mdomo chini, mgongo juu. Vifuu vilikuwepo tele nyuma ya jiko, jaa la miaka yote waliyokuna nazi pale, yeye na mama mkwe wake kabla yake. Aliviparua nyuzi kwa kisu na kuvisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa. Ukipasua nazi unapata nusu mbili, moja ina macho matatu, nyingine ni kipofu. Mama alizitenga.

"Yenye macho inakaa nje," aliniambia, "kipofu ndani. Nyumba iangalie huko, isituangalie sisi."

Nikauliza, "Hii ni nyumba ya nini, Mama?"

"Nyumba yetu. Napanga isipotee."

Basi! Nilikuwa nimelisikia neno lenyewe kwa masikio yangu. Nilianza kumkabidhi vifuu kwa mikono miwili, mbio, nikianguka na kuinuka. Tulipanga ukuta wa mbele, tukaacha nafasi ya mlango. Tulipanga chumba, tulipanga jiko. Mwisho, ubavuni mwa jiko, Mama aliweka kisu chini. Alipima kutoka mlango wa uani kwa macho, kisha kwa mwili wake, akapita pembe, akainama. Hapo hakuweka vifuu. Alinituma nikaokote vidaka, zile nazi changa zinazopukutika kabla hata ya kuwa dafu, ndogo kama ngumi ya mtoto. Akavipanga karibu karibu, eneo la urefu wa mkono wangu.

"Hapa ni kitanda cha mdogo?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Atalala hapa?"

"Analala hapa," akasema.

Nilidhani amekosea kusema.

Tangu siku ile, kazi yangu ikawa kukusanya vifuu kijiji kizima, maana mvua ilisukuma vingine, mchwa walikula, na zaidi ya yote mimi niliona nyumba ni ndogo kwa watu wanne. Nilikwenda mlango hadi mlango wakati wa kupika, wakati mbuzi za kukunia nazi zinalia. Wanawake walinicheka.

"We mtoto, unafungua tanuri la mkaa?"

"Mwacheni, anatafuta mahari!"

Bi. Tatu alikuwa ananiwekea vyake kwenye kapu bovu. "Chukua, mjenzi," alisema. "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kila mtu na ukubwa wake." Alijua tunavipeleka wapi na alijua kwa nini. Hakujua ninachokifikiri mimi. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na mimi niliona jambo lenyewe ni wazi mno halihitaji kusemwa.

Nyumba ile ilikua. Mama aliniachia niongeze, labda alifurahi kuwa na mtu wa kufanya naye. Niliongeza uwanja, nikaongeza njia ya kuteremka bondeni, vifuu viwili viwili kama watu wanaotembea wakiongea. Ukisimama juu ya kilima baada ya mvua, vifuu vikiwa vimelowa na vyeusi na vinang'aa, ulikuwa unaona nyumba nzima imelala chali inatazama mbingu. Sijaona kitu kizuri kuliko kile, na nimetembea sana. Nadhani Mama pia, kwa nyakati chache, alisahau sababu na kuona uzuri tu. Nilimwona akirudi nyuma hatua kadhaa, ameinamisha kichwa upande, kisha anakwenda kusogeza kifuu kimoja upana wa kidole.

Walioiona kutoka kilimani hawakuwa sisi peke yetu. Siku moja, Bi. Tatu akiwa pale anaokota nazi, mwenyekiti alikuja pamoja na bwana shamba, kijana wa Kinyamwezi, mtani wetu, ambaye alianza kupiga kelele kabla hajafika.

"Wazaramo ninyi! Wenzenu wanapanda mbegu, ninyi mnapanda vifuu! Mkivuna mtapata nini, ngoma?"

"Tutavuna vikombe," Mama akamjibu bila kuinua kichwa, "tukupe maji unywe, Mnyamwezi uliyekuja pwani kubebeshwa mizigo."

Wakacheka wote, hata mwenyekiti, mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia hakuwa anacheka tena.

"Mwanahawa, mwanangu, hii ni nini?"

"Nyumba yangu, mwenyekiti."

"Nyumba yako iko kijijini, mstari wa pili."

"Ile nimepangiwa. Hii nimepanga mwenyewe."

Mama akaniambia niende kuteka maji bondeni. Yaliyosemwa nyuma ya mgongo wangu niliyapata miaka mingi baadaye kwa Bi. Tatu, akiwa haoni tena ila anakumbuka kila neno. Mwenyekiti alisema bonde lote na mteremko huu umechaguliwa uwe shamba la ujamaa, trekta litaletwa mvua za masika zikilainisha ardhi. Alisema watu wanaanza kunong'ona kwamba mke wa fulani analiroga shamba kabla halijalimwa. Mama akamwambia kuna kaburi.

"Kila mwenye mnazi hapa sasa ana kaburi," mwenyekiti akasema. "Juzi mmoja kanionyesha kaburi la babu yake, kumbe tanuri la mkaa. Nikiruka kila mahali ninapoambiwa pana mtu, trekta litalima wapi? Juu ya miti?"

"Mimi sikudanganyi."

"Sijasema unanidanganya. Nimesema kamati haitaniamini. Aliyezika ni nani?"

"Mume wangu."

"Mlete. Asimame hapa, aseme mbele ya watu, ni hapa nilipomlaza mwanangu. Nitapiga vigingi kwa mkono wangu, trekta litazunguka. Akija kabla ya mvua, mtoto wako amepona." Ndivyo alivyosema: amepona.

Hivyo tukaenda Kibaha. Tulikuwa hatujamwona Baba kwa zaidi ya mwaka. Alituma salamu mara chache, na sukari mara moja. Tuliteremka kwa lori la mihogo hadi Dar es Salaam, tukapanda basi la barabara ya Morogoro, nami njia nzima nilikuwa naangalia dirishani nikitafuta nyumba za vifuu. Sikuona. Nikajiambia labda Kibaha wanapanga vitu vingine.

Tulishuka Kongowe. Mama aliuliza, akaelekezwa, akauliza tena. Mwishowe tukafika kwenye nyumba ndefu ya milango mingi inayofanana, kila mlango na jiko lake nje, na Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa katikati, anashona ndala kwa waya.

"Shikamoo, Baba!"

Alinyanyuka nusu, akabaki hivyo, hajasimama wala hajakaa. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu." Kisha kwa Mama: "Kwema huko?"

Kabla Mama hajajibu, mwanamke akatokea nyuma yake mlangoni, kijana, ana uso mzuri wa upole, na kiunoni amembeba mtoto wa kiume mnene anayetafuna pindo la kanga.

Nilipiga kelele za furaha. Hadi leo nikizikumbuka kelele zile natamani ardhi inimeze. "Mama! Mdogo wangu huyu! Kumbe kweli alisafiri na Baba! Mama, tazama alivyonenepa!"

Jirani aliyekuwa anachambua mchicha mlango wa pili aliinama juu ya mchicha wake. Yule mwanamke alimtazama Baba, kisha Mama, kisha akapiga magoti akaniletea mtoto. "Njoo umbebe," akasema taratibu. "Ni mdogo wako."

Nilimbeba. Alikuwa mzito, ananuka maziwa na jasho la usingizi. Nilimpelekea Mama amwone. Mama aliunyoosha mkono akamshika mguu, mguu tu, akaubonyeza kidogo kama mtu anayepima embe, akauachia.

Walizungumza hapo hapo uani. Nilikuwa karibu, namchezesha mtoto, na nilisikia kila kitu bila kuelewa chochote.

"Nakuomba siku moja," Mama alisema. "Uje useme neno moja, urudi."

"Mimi hapa ni kibarua, Mwanahawa. Tunapanga foleni getini asubuhi. Nikikosekana, mwingine anachukua nafasi."

"Siku moja."

"Na njia? Kwenda, kurudi. Sema wewe. Kwani wewe hukuwepo?"

"Mimi hawanisikii."

Baba alikuwa anaikunja na kuikunjua ile waya. "Mwanahawa, tumwachie Mungu. Mtoto mwenyewe hakufika hata siku ya jina."

"Jina alikuwa nalo."

"Alipewa na nani?"

"Na mimi. Ulikuwa unachimba."

Baba aliweka ndala chini. Nilimwona akifuta uso kwa mkono wote, kutoka paji hadi kidevuni, na kwa muda mfupi nadhani alikuwa anakuja. Kisha yule mtoto akalia mikononi mwangu, yule mwanamke akaja kumchukua, na Baba akasema, "Mwisho wa mwezi. Nitajitahidi mwisho wa mwezi."

"Mvua haingoji mwisho wa mwezi," Mama akasema. Ndilo neno la mwisho nililosikia akimwambia maishani mwake.

Mimi nilikuwa na swali langu. "Baba, nyumba ya kupanga iko wapi?"

"Si ndiyo hii."

Nilichungulia ndani. Kitanda, ndoo, nguo msumarini. "Mbona haijapangwa kitu?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyepata mahali pa kupumzika. "Maisha, mwanangu. Vitu vitakuja taratibu."

Hatukurudi haraka. Tulikwama Dar kwa kukosa usafiri, tukajihifadhi kwa shangazi mmoja wa mbali, na hapo ndipo mvua ilipotukuta. Ilinyesha kwa namna ya kuamua. Mama alikaa mlangoni anaitazama, mikono kifuani, vile vile kama siku ya lori. Gari lilipopatikana na tukafika kijijini, Bi. Tatu alikuwa amesimama barabarani, hana mwavuli, kanga imemganda mwilini.

"Mwanahawa, mwenzangu," akasema, "usiende leo. Pumzika kwanza."

Mama alimpa furushi letu, akaenda. Tukamfuata.

Trekta lilikuwa limewahi. Lilitakiwa kwingine baadaye, kwa hiyo likaletwa mapema, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo nimejitahidi miaka yote kulikanusha na nimeshindwa. Mteremko mzima, kutoka mikorosho hadi bondeni, ulikuwa mwekundu na umefunguka. Matuta yalipita mahali pa mlango, pa chumba, pa jiko, bila hata kupinda. Vifuu vilikuwa kila mahali. Vingine vimekatika, vingine vimezikwa nusu, vingine vimelala mdomo juu vimejaa maji ya mvua, na katika kila kimoja palikuwa na kipande kidogo cha mbingu.

"Nilimzuia dereva," Bi. Tatu alikuwa anasema nyuma yetu, "wallahi nilisimama mbele yake. Nikamwambia hapa pana mtu. Akaniambia, bibi, mimi naona vifuu."

Mama aliingia tutani. Miguu ilizama. Alitafuta vidaka, maana vifuu vilikuwa vimetapakaa lakini vidaka vilikuwa mahali pamoja. Alikipata kimoja karibu na kisiki cha mnazi, akasimama hapo. Akakipata kingine mbali kule chini. Cha tatu kilikuwa upande mwingine kabisa. "Hapa," alisema. Akapiga hatua. "Hapana. Hapa." Akageuka kutafuta mlango wa uani, lakini hapakuwa na mlango wala ua, na bila mlango hakuwa na mahali pa kuanzia kuhesabu.

Mimi nilikuwa nalia kwa hasara yangu. "Mama, sasa Baba na mdogo wakija watakaa wapi?"

Aligeuka. "Wapi?"

"Si hii ndiyo nyumba ya kupanga? Baba alisema akishapata nyumba ya kupanga. Tulikuwa karibu kumaliza."

Alinitazama muda mrefu, mvua inamtiririka usoni. Nilimwona akirudi nyuma katika kichwa chake, kifuu kwa kifuu, mwaka mzima, akaniona mimi ndani ya kila kimoja. Alifungua mdomo, nikadhani atacheka. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega kwa mikono yenye udongo.

"Mwanangu. Yule uliyembeba siye. Wako yuko humu."

"Humu wapi?"

Alitaka kunionyesha. Mkono wake ulinyanyuka, ukaenda kushoto, ukasita, ukaenda kulia, ukashuka. "Humu," akasema.

Nikafanya kitu pekee nilichojua kukifanya. Nilianza kuokota vifuu, nikaviweka mstari juu ya tuta, mdomo chini, mgongo juu, haraka haraka, nikitenga vyenye macho na vipofu. Nilifika vitano au sita.

"Acha," Mama akasema. "Usipange."

"Nitaijenga upya, Mama, najua ilivyokuwa."

"Hujui. Na mimi sijui. Ukipanga pasipo mahali pake, nitakuja kumlilia mtu asiyekuwepo." Akavichukua kimoja kimoja, akavitupa mbali, kila kimoja upande wake. Kisha akainuka, akanyoosha viganja, akaomba dua akilielekea shamba lote, kwa sababu hakuwa na mahali padogo zaidi pa kuelekea.

Lilipandwa mihogo. Ilistawi vizuri mno, majani mapana, na kijiji kilikuja kupiga picha nayo pamoja na wageni. Mwenyekiti alipokutana na Mama njiani alikuwa anaangalia kofia yake mikononi. Baba hakuja mwisho wa mwezi ule wala mwingine. Mama hakwenda tena kule mteremkoni isipokuwa zamu yake ya kupalilia ilipofika, na alipalilia kwa namna iliyofanya wenzake wamcheke: hakutumia jembe, alichimbua magugu kwa vidole.

Mavuno yalikuja mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana, duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti tu, na watu walikuwa wanachemsha majani wasiyoyajua majina. Mihogo ya shamba la ujamaa ikagawiwa kwa kila kaya. Fungu letu lililetwa na bwana shamba mwenyewe, aliliweka kibarazani na safari hii hakutania. Mama aliimenya polepole, akaiosha, akabadilisha maji, akaiosha tena. Akaipika kwa chumvi bila nazi. Alinipakulia mimi, akageukia ukuta.

"Wewe huli, Mama?"

"Kula, mwanangu. Shamba ni la wote."

Nilikula, ilikuwa mitamu. Jioni nilimwona bado amekaa vile vile, sahani yake imefunikwa kawa. Kesho yake asubuhi alishindwa kuinua ndoo. Aliishika, ikamshinda, akaiweka. Akarudi ndani, akafunua kawa, akaketi chini na kukunja miguu vizuri kama mtu mwenye mgeni.

Akasema bismillahi, akala.